Nilivyozisikia Spika za Baba Yako

Mwanangu Rama,

Sikuulizi hali, maana sasa hivi tu nimekuona ukimaliza wali wako na kutoka kwenda kuagana na wenzako. Najua u mzima. Najua pia kwamba ukirudi utataka kulala, na asubuhi baba yako mdogo Shabani atakuwa hapo nje na gari la kuazima, anapiga honi kama alivyokuwa akifanya zamani, na mie mbele yake sitaweza kusema zaidi ya karibu chai. Kwa hiyo naandika. Utaisoma njiani, au ukishafika Morogoro.

Mambo ya kufua, kula kwa wakati na kuswali sitayaandika. Nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza sentensi. Nataka kukuambia habari ya lile kufuli.

Juzi nilikukuta kitandani unalijaribu, unafunga, unafungua. Nikauliza, "La nini hilo?"

"La begi, mama. Naenda kukaa kwa mtu."

"Baba yako mdogo ni mtu?"

Ukacheka. "Si wewe mwenyewe unamwangaliaga kwa jicho la pembeni? Mie nanyamazaga tu, lakini naona. Usijali, nitakuwa macho."

Ulisema hivyo kunituliza. Nikatoka nikaenda jikoni, nikakaa na sufuria mkononi bila kujua nilikuwa nataka kupika nini. Sikujua kama uliona. Mie nilidhani nimekificha kile kitu vizuri, kumbe umekua ukikitazama kila siku kama unavyotazama saa ya ukutani. Na kesho unakwenda kuishi nyumbani kwa yule mtu, kufanya kazi dukani kwake, na macho niliyokupa mimi.

Basi ngoja nikueleze macho hayo nimeyatoa wapi.

Amplifaya ile baba yako aliinunua kabla hujazaliwa, kwa bwana mmoja wa Chang'ombe aliyekuwa anafunga duka na kurudi kwao. Ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Uso wa bati la kijivu, na vile vifundo vitatu vya kuzungusha, kimoja kikikwaruza ukikigusa. Spika hazikuja nayo. Alizitafuta kwa muda mrefu, akitoka kazini stoo kiwandani anapita kwa mafundi, anarudi mikono mitupu, mpaka siku moja akazipata, akaenda kwa seremala kuchongesha maboksi ya mbao. Siku zilipofika nyumbani alizifuta vumbi kwa kanga yangu mpya. Nilikasirika, yeye hakusikia. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya boksi, nami namwona nyayo za miguu tu.

Nyuma ya amplifaya kuna vibano, vyekundu na vyeusi. Nyuma ya kila spika hivyo hivyo. Waya aliotumia ulikuwa ule mweupe wa kawaida wa nyuzi mbili zilizoshikamana, huwezi kwa macho kujua huu ni upi na ule ni upi. Lakini upande mmoja wa waya ule una mchirizi mdogo sana. Ukipitisha kucha unausikia. Baba yako alikuwa anapitisha ukucha wa kidole gumba, taratibu, amefumba macho, kisha anasema, "Huyu mwekundu." Anamkaza. Basi. Akimaliza anaweka kigoda katikati ya sebule, ananikalisha, anawasha kanda, ananiuliza, "Mwimbaji yuko wapi?"

Nami nilikuwa naonyesha ukutani, pale katikati ya spika mbili ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta. Sauti ilikuwa inatoka pale kabisa, kama mtu amesimama. Anafurahi. Mara nyingine nilikuwa namtania, naonyesha jikoni, naye anainuka kweli kwenda kuangalia nyaya.

Hakumruhusu mtu aguse huko nyuma. Si wewe, si mimi, si mdogo wake. Shabani alipokuwa anakaa kwetu, kabla hajahamia Morogoro, alijaribu siku moja kuunganisha spika za rafiki yake juu ya zile, kwa ajili ya shughuli ya jirani. Baba yako alimfokea mbele ya watu. "Utaichemsha! Hii haibebi spika nne, hujui kitu, usiguse!" Shabani akasema, "Basi kaka, nifundishe." Baba yako akasema, "Siku nyingine." Siku hiyo nyingine haikuja. Hili ninalikumbuka sasa. Zamani sikulitilia maanani.

Alipofariki, watu walifanya yanayofanywa. Sebule ikatolewa kila kitu, makochi, meza, zulia, ili wanawake wapate pa kutandika mikeka. Amplifaya na spika zikapelekwa kuhifadhiwa kwa Mama Zuhura, nyumba ya pili. Nani alichomoa nyaya sijui. Mie nilikuwa sijui hata kama nimevaa viatu. Kisha nikaingia eda. Nikawa mle chumba cha ndani, na nguo nyeupe, na pazia mlangoni. Wewe ulikuwa umepelekwa kwa bibi yako Pugu, ili usishinde unanitazama nalia. Ndiyo maana haya huyajui.

Mtu akiwa eda, shemeji yake ni mwanaume kama wanaume wengine. Hatoki akakaa naye, hamtazami. Shabani alikuwa akija anasalimia kutoka nje ya pazia, na dada yangu amekaa hapo katikati. Sauti yake inafanana na ya baba yako. Kila akisema "hodi" moyo wangu unaruka, kisha unaanguka. Labda hata kwa hilo peke yake nilianza kumchukia kidogo.

Siku waliporudisha vyombo nilikuwa na masikio tu. Nasikia makochi yanaburutwa. Nasikia wanaume wanaelekezana. Kisha kitu kizito kikadunda sakafuni, na sauti ya Shabani, chini chini: "Shii! Taratibu, shemeji asisikie."

Nikakaa sawa kitandani.

Mlango wa nje ukafunguliwa, mtu akatoka, akarudi baada ya muda. Nikasikia kuchokorachokora, kama mtu anafungua kitu. Muziki ukalia kidogo tu, ukazimwa haraka. Halafu akaja kwenye pazia. "Shemeji, vyombo vyote vimerudi. Vyote, kama vilivyokuwa."

"Ahsante, shemeji."

Alipoondoka nikamwuliza dada yangu, "Kwa nini aseme kama vilivyokuwa? Nani kamwuliza?"

"Wewe nawe," dada akasema. "Angesemaje?"

Lakini dada yangu usiku alilala, mie sikulala. Chumba kile kilikuwa kidogo na eda ni ndefu. Nililigeuza neno lile, nikaligeuza. Asisikie nini? Alitoka nje kupeleka nini? Kufikia siku ya kutoka eda nilikuwa na kesi nzima kichwani, imekamilika, na sijaona kitu hata kimoja kwa macho.

Nilipotoka, nikakaa siku chache, kisha nikawasha. Nilichagua kanda aliyoipenda baba yako. Rama, sijui nikuelezeje. Vitu vyote vilikuwamo, magitaa, ngoma, lakini yule mwimbaji hakuwapo ukutani. Alikuwa kila mahali na hakuwa popote, kama mtu anayeimba nje ya dirisha huku anatembea. Na ule mlio mzito wa chini, uliokuwa ukitikisa vikombe kabatini, haukuwapo kabisa. Nikaongeza sauti. Ikawa kelele tu. Nikaweka kigoda katikati nikakaa. Hakuna mtu ukutani.

Nikazungusha kile kifundo cha kugawa sauti. Nikapeleka yote kulia, ikasikika vizuri. Nikapeleka yote kushoto, vizuri vilevile. Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza, kama moja ni nzima na nyingine ni nzima, kwa nini zikiwa pamoja zinaharibika? Mie sikujiuliza hivyo. Nilisema, huyu ni mjanja kweli. Ameiba kwa namna ambayo ukikagua huoni.

Kisha nikaona kona ya boksi la kushoto. Ilikuwa nyeusi kuliko mbao nyingine. Hapo sikuhitaji tena ushahidi. Limefunguliwa.

Mama Zuhura alikuja jioni hiyo kuleta bakuli langu. Unamjua asivyo na haraka ya kuondoka. Akasikiliza, akakunja uso.

"Hapo umepigwa, shoga."

"Nimepigwa na nani?"

"Mie sitaji jina la mtu. Spika za zamani zina sumaku nzito, zinatafutwa hizo. Wanafungua, wanachomoa, wanakuwekea ya siku hizi, nyepesi kama sahani ya plastiki. Sasa wewe nambie, katika ukoo wenu nani anauza vifaa vya umeme?"

"Usiseme hivyo."

"Nimesema? Sijasema. Shika huku, tuinue."

Tukainua. "Umeona?" akasema. "Nyepesi!"

Nami nikasema, kweli, nyepesi. Mwanangu, sikuwahi kuinua spika ile maisha yangu yote. Baba yako hakuruhusu. Nilikuwa naipima kwa kitu gani?

Ungedhani nilimpigia Shabani nikamwuliza. Hapana. Watu husema mama Rama ni mpole, na ni kweli, sijui kugombana. Lakini upole wangu huo nimeona unaweza kuwa kitu kibaya. Mtu mkali angempigia simu siku hiyo hiyo akamtukana, naye angejibu, na jambo lingeisha kwa kelele ya nusu saa. Mie nilimtendea vizuri. Nilimkaribisha, nilimpikia, nilimwita shemeji, na ndani nilikuwa nimeshamfunga.

Sikukuu ya Idd iliyofuata alikuja. Alikaa pale kwenye kochi la karibu na mlango, amekuletea mpira, unaukumbuka. Nikamimina chai. Kisha nikafanya kitu ambacho nilikuwa nimekipanga tangu asubuhi. Niliwasha muziki, nikakaa mbele yake, nimtazame uso.

Alisikiliza kidogo. Nikaona macho yake yanakwenda kwenye spika ya kushoto. Si ya kulia, ya kushoto, yenye ile kona nyeusi. Yakakaa hapo. Kisha akainamisha kichwa, akatazama ndani ya kikombe, na chai yote akainywa bila kuinua uso. Aliondoka mapema kuliko alivyosema.

Nikasema, haya, amejihukumu mwenyewe.

Baada ya hapo yaliyofuata unayajua, ila hukujua sababu. Kila likizo alikuomba uende Morogoro, na kila likizo ulikuwa na homa ambayo hukuwa nayo. Alipoleta mchele nilipitisha mkono mpaka chini ya gunia. Nikaanza kuweka alama kwenye vitu. Friji ilipoharibika niliichora kwa msumari chini ya mlango kabla fundi hajafika, kisha nikakaa naye jikoni muda wote kama askari magereza, mpaka maskini akaniambia, "Mama, mie nimekuja kutia gesi tu." Feni nayo ina alama. Pasi ina alama. Wewe ulikuwa mdogo, unanishikia tochi. Sikufikiri kwamba mtoto akishika tochi anaona pia.

Na mjomba wa upande huu huna, baba huna, na yule mmoja aliyekuwa na sauti ya baba yako nilikunyima.

Sasa wiki iliyopita ulisema ukuta wa sebule una ukungu, lazima upakwe rangi kabla hujaondoka. Ukasogeza spika. Nilikuwa mlangoni nachambua mboga, nikakusikia unajisemea, "Hii imefungwafungwa vipi hii?" Tangu vyombo virudishwe hakuna aliyegusa nyaya za huko nyuma. Nilikuwa sikuruhusu, nikifuata sheria ya marehemu, na zaidi nikitaka ushahidi ukae kama ulivyo.

Ukachomoa nyaya kwenye amplifaya. Ukatoa betri kwenye saa ya ukutani. Ukaniita, "Mama njoo uone." Ukavua kile kitambaa cha mbele. Ukagusisha betri kwenye ncha za waya wa kulia, na ile koni ikaja mbele kidogo, tok, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Ukagusisha waya wa kushoto vilevile, nayo koni ikarudi nyuma.

"Umeona? Moja inasukuma, nyingine inavuta. Zinauana. Waya mmoja umegeuzwa tu, mama. Nyekundu imekaa kwa nyeusi."

"Ndani ni nzima?" nikauliza. Ukalegeza skrubu, ukaitoa spika kidogo kwenye boksi lake.

"Nzima kabisa. Ona lisumaku lilivyo huko nyuma. Siku hizi huzipati hizi."

Ukageuza. Ukawasha. Na mwimbaji akarudi pale ukutani, vikombe vikalia kabatini, nami nikakaa chini sakafuni na mboga zangu. Ukapunguza sauti, ukaniuliza, "Umemkumbuka baba?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Nikuambie jambo ambalo linanitia aibu kuliko mengine. Kabla hujamaliza kupanga vitu, moyo wangu ulikuwa umeshauliza, nani aliugeuza? Na kwa nini? Haukushukuru. Haukusema Shabani hana kosa. Ulisema labda aliugeuza makusudi, ili nidhani zimeharibika niziuze, azinunue yeye. Nilipoona hilo halishiki, nikamfikiria Mama Zuhura, maana vitu vililala kwake, na yeye ndiye aliyekuwa na haraka ya kutaja sumaku. Kisha nikafikiria wanawake waliofagia sebule siku nimetoka eda. Kisha mimi mwenyewe, maana niliwahi kusogeza boksi lile kufuata kijiko kilichoanguka nyuma yake. Nilikuwa kama mtu aliyenunua kiatu na sasa anatafuta mguu wa kukivaa. Kumbe mashaka yangu hayakuwa ya spika. Yalikuwapo kwanza, spika zikaja baadaye.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Utakwenda, utafanya kazi, yatapita. Kisha nikaona kufuli.

Leo baada ya swala ya alasiri, ulipokwenda kununua mkanda wa begi, nilimpigia simu. Umeme ulikuwa umekatika, sie tunaokaa hapa Kinyerezi tukiiona mitambo yenyewe ya umeme, na simu ilikuwa imebaki chaji kidogo. Nikasema ikizimika basi, Mungu hakutaka. Haikuzimika.

"Shemeji!" akapokea kwa kelele zake. "Vipi, kijana kagoma?"

"Hajagoma. Nina neno. Ni zile spika za marehemu."

Nilisikia pikipiki inapita upande wake. Kisha akasema, "Ya kushoto."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ya Idd. Uliwasha, nikasikia hapo hapo. Waya umegeuka. Kazi ya dakika moja, shemeji, hata chai isingepoa."

"Sasa mbona hukuinuka ukaugeuza?"

"Niinuke niende nyuma ya spika? Mie ambaye mtaani kwenu nishaambiwa nimetoa sumaku? Yule wa genge pale kona siku ile ile alinisimamisha, ananiuliza, braza, sumaku unauzaje? Nikiinuka, ungesema nafuata iliyobaki."

Nikatafuta la kujitetea nikalipata. "Na siku mlipoleta vyombo? Mlisema shemeji asisikie. Mlificha nini?"

"Loo! Mpaka leo unayo hiyo?" Akacheka kwa kukohoa. "Tuliliangusha boksi, shemeji. Kona ikamegeka. Nikaona ukisikia utalia upya, kitu chenyewe cha kaka. Nikatoka kuomba rangi ya viatu kwa jirani, nikapaka."

"Ilikuwa nyeusi."

"Ya kahawia hakuwa nayo!"

Nilicheka, Rama. Nilicheka mpaka nikaogopa, kisha kicheko kikaisha ghafla kama maji ya bomba. Nikamwuliza waya nani aligeuza.

"Mie nadhani. Au labda siyo mie, lakini weka mie. Nilifunga haraka, watu wamejaa mlangoni, nyaya zote nyeupe. Kaka hakuwahi kunionyesha anazitofautishaje."

"Anapitisha ukucha," nikamwambia. "Upande mmoja una mchirizi."

"Ukucha," akasema. "Kumbe ndiyo hivyo tu."

Nikamwambia, mbona miaka yote hukunieleza kwa mdomo wako? Akasema, "Na wewe mbona hukuniuliza?" Hakusema kwa ukali. Kisha akauliza lile nililokuwa nalikimbia.

"Na kijana? Anakuja kwangu akijua nini?"

Nikasema kweli. "Anakuja na kufuli."

"Kufuli la nini?"

"La begi lake. Kwa ajili yako."

Nilidhani atakasirika. Nilisubiri akasirike, ningepata nafuu. Akauliza, "Kubwa?"

"Kubwa. La chuma."

"Basi mwambie aje nalo. Stoo yangu ya dukani inafungwa na waya tu. Tutalifunga pale, na funguo akae nazo yeye."

Tukaagana. Na sasa sikiliza mama yako alivyo. Simu haijapoa mkononi, nikajiuliza, kwa nini amekubali kirahisi hivyo? Kwa nini ampe funguo mtoto ambaye hajafika hata siku moja? Si ili siku kitu kikipotea, aliyeshika funguo awe wewe?

Nimekaa na swali hilo tangu alasiri. Sikulifukuza, maana nimelijaribu, halifukuziki. Nimeliacha likae, na huku naandika. Nadhani litakuwa langu mpaka nife, kama watu wengine walivyo na kifua kibovu. Lakini la kwangu si lazima liwe la kwako, na hilo ndilo ninalolitaka usiku huu kuliko kitu kingine chochote. Usiende kwa Shabani na masikio ya chumba kile. Wewe hukuwa eda. Wewe huna pazia.

Sisemi umwamini kila mtu. Wapo wanaochomoa sumaku kweli, Mama Zuhura hakuota. Na Shabani si malaika, ana maneno mengi na hasira za ghafla, na siku moja utakuta hesabu ya dukani haikai sawa, au neno lake halikai sawa. Siku hiyo usifanye kama mimi, usiwashe muziki ukamtazama uso. Uso wa mtu aliyeonewa na uso wa mwizi, mwanangu, ukiutazama na kesi yako tayari, unafanana. Mwulize. Hata kama sauti inatetemeka, hata kama yeye ni mkubwa na wewe mdogo. Mpe shikamoo yake kwanza, kisha umwulize. Na akikuuliza wewe, usione kama ametukana. Ni afadhali akuulize kuliko akumiminie chai.

Na kama atakuomba umfundishe ile ya ukucha, usimwambie siku nyingine.

Nasikia sauti yako huko kona, unacheka na wenzako, kwa hiyo namaliza. Karatasi hizi nimezitia kwenye bahasha ya kaki, juu nimeandika jina lako. Kesho nitampa yeye Shabani aishike, akupe mkishapita Kibaha. Bahasha sikuifunga. Kama atataka kuisoma kabla yako, mwache aisome.

Mama yako